KODI NA MATUMIZI KATIKA JIMBO LA CALIFORNIA: HISTORIA FUPI NA FUNZO LAKE KWA CHAMA CHETU

Imeandikwa na Karani wa Chama

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, na ndugu wanachama,

Ni desturi ya kitabu hiki cha kila mwaka kuweka makala moja ya historia baada ya hesabu za Mweka Hazina, ili msomaji aliyechoka na tarakimu apate mahali pa kupumzikia. Mwaka huu nasikitika kusema kwamba makala yenyewe ni ya tarakimu vilevile. Naomba mnivumilie, maana sababu yake mnaijua.

Katika Mkutano Mkuu uliopita, kabla ya chai, mwanachama mmoja alisimama akaomba ada ya kila mwezi ipunguzwe kwa theluthi moja, kwa kuwa maisha yamekuwa magumu. Mikono mingi ikainuka na shauri likapita. Baada ya chai, mwanachama mwingine alisimama akaomba msaada wa mazishi uongezwe, na watoto wanaolipiwa karo wawe wengi kuliko mwaka uliotangulia. Mikono mingi ikainuka, na shauri hilo nalo likapita. Mimi niliandika maazimio yote mawili katika ukurasa mmoja wa daftari, moja chini ya jingine, wala hakuna aliyetaka nisome ukurasa mzima. Sijitoi katika lawama: mkono wangu uliinuka mara zote mbili. Miezi mitano baadaye Mweka Hazina hakuwa na budi kumwambia mjane wa mwenzetu angoje, kwa kuwa fedha zilizokuwamo hazikutosha kile tulichokwisha kumwahidi. Akangoja, na jamaa zake wakakopa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama sisi peke yetu ndio tuliopata kutenda hivyo. Katika kusoma kwangu nimegundua kwamba sivyo. Watu mamilioni, wenye shule na magazeti na utajiri mwingi kuliko wetu, walitenda jambo hilo hilo kwa muda wa miaka zaidi ya thelathini, na habari zao zimeandikwa vizuri. Ni watu wa jimbo la California, nchini Marekani. Nitazieleza habari hizo kwa utaratibu, kisha nitasema neno moja juu ya chama chetu.

JIMBO LENYEWE NA KODI YAKE

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, baraza lake la kutunga sheria, na hazina yake. California ndilo lenye watu wengi kuliko yote. Makao ya serikali yake yako katika mji wa Sacramento, na chini ya serikali hiyo kuna kaunti 58, pamoja na mabaraza ya miji na halmashauri za shule. Jambo moja ni la kukumbukwa tangu mwanzo: tangu mwaka 1911 wananchi wa California wana haki ya kuandika sheria wao wenyewe, kukusanya sahihi za kutosha, na kuipeleka sheria hiyo ikapigiwe kura na watu wote bila kupita mikononi mwa baraza. Sheria kama hiyo huitwa pendekezo, nayo hupewa nambari.

Kwa miaka mingi, shule, polisi, zimamoto na maktaba za kila mahali zililipiwa kwa sehemu kubwa na kodi ya nyumba na ardhi. Katika kila kaunti palikuwa na mthamini, ambaye kazi yake ilikuwa kukadiria thamani ya mali ya kila mtu. Mabaraza ya mahali nayo yakapanga kiasi cha kutozwa. Desturi ya wathamini wengi ilikuwa kuziandikia nyumba za kuishi thamani ndogo, na maduka na viwanda thamani kubwa zaidi. Haikuwa sheria, bali huruma ya kimya kimya kwa watu ambao ndio waliowapigia kura. Lakini palipo na kipimo cha siri rushwa haikosi kuingia. Katikati ya miaka ya 1960 iligunduliwa kwamba baadhi ya wathamini walikuwa wakipokea fedha ili kuwapunguzia wafanyabiashara kodi, na mthamini wa San Francisco akahukumiwa mahakamani mwaka 1966. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kuamuru mali yote ipimwe kwa kipimo kimoja, kwa kufuata bei yake sokoni.

Sheria hiyo ilikuwa ya haki, lakini iliondoa kivuli kilichokuwa kimewafunika wenye nyumba. Miaka ya 1970 ilipofika, bei za nyumba zikapanda kwa kasi, na kodi ikapanda pamoja nazo. Mtu mzima aliyekuwa amenunua nyumba yake zamani, na sasa akiishi kwa pensheni, alipokea hati ya kodi iliyozidi ile ya mwaka uliopita ilhali hakuwa ameongeza hata dirisha. Akiambiwa kwamba amekuwa tajiri, alijibu kwamba utajiri wa nyumba hauliki mpaka nyumba iuzwe, naye hakutaka kuiuza kwa sababu ndimo alimoishi.

Wakati huo huo hazina ya jimbo ilikuwa ikijaa. Kodi ya mapato na kodi ya mauzo zilileta fedha nyingi kuliko zilizotumika, hata akiba ikafika karibu dola bilioni 5. Gavana, Bw. Jerry Brown, na Baraza la Kutunga Sheria walijadiliana mwaka 1977 jinsi ya kuwapunguzia wenye nyumba mzigo, wakashindwa kupatana. Basi wananchi wakaona mambo mawili kwa pamoja: jirani mzee anayehofia kupoteza nyumba yake, na serikali iliyokalia akiba. Mtu asiwacheke kwa kukasirika.

KURA YA TAREHE 6 JUNI 1978

Hasira hiyo ikapata wasemaji wawili, Bw. Howard Jarvis, mfanyabiashara mstaafu mwenye umri wa miaka 74, na Bw. Paul Gann. Walikusanya sahihi zaidi ya milioni moja, na shauri lao likapewa nambari 13. Lilisema kwamba kodi ya nyumba na ardhi isizidi dola 1 kwa kila dola 100 za thamani, ambapo kabla ya hapo kwa wastani ilikuwa chini kidogo ya dola 3. Thamani za mali zirudishwe kama zilivyokuwa mwaka 1975, na zisipande zaidi ya 2 kwa mia kila mwaka mpaka mali itakapouzwa. Tena, serikali ya jimbo isiweze kuongeza kodi yoyote bila kura za theluthi mbili za wajumbe wa Baraza.

Gavana alilipinga shauri hilo, na walimu wakalipinga, hata baadhi ya makampuni makubwa yakalipinga. Walionya kwamba shule zitafungwa na wazima moto watafukuzwa kazi. Lakini wiki chache kabla ya siku ya kura, mthamini wa kaunti ya Los Angeles alitangaza thamani mpya za nyumba, na watu wengi wakaona kwa macho yao kodi itakavyokuwa. Tarehe 6 Juni 1978, katika kila wapiga kura 100, karibu 65 walisema ndiyo.

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya niandike. Katika siku hizo wataalamu walikuwa wakiwauliza watu maoni yao kwa utaratibu, na majibu yao yamehifadhiwa. Watu hao hao waliotaka kodi ishuke walipoulizwa huduma gani ipunguzwe, hawakutaka polisi wapunguzwe, wala zimamoto, wala shule. Walioonekana kustahili kupunguziwa ni wale waliokuwa wakipokea misaada ya serikali kwa ajili ya umaskini, yaani watu wasiokuwa na msemaji. Wengi waliamini pia kwamba fedha nyingi za serikali zinapotea kwa uzembe, na kwamba uzembe ukiondolewa kodi itashuka na huduma zitabaki vilevile. Wanachuo wawili, David Sears na Jack Citrin, walitoa kitabu mwaka 1982 kuhusu maasi hayo ya kodi, na katika jina la kitabu wakaweka maneno yenye maana ya kupata kitu bila kutoa kitu.

Mimi sioni kwamba maneno hayo yanawatosha watu wale kwa haki. Uzembe ulikuwapo, na akiba ilikuwapo. Lakini karatasi ya kura waliyopewa ilikuwa na swali moja tu, nalo ni kama wanataka kulipa kidogo. Hapakuwa na mstari wa pili wa kuwauliza kipi kiachwe.

AKIBA INAPOISHA

Mapato ya kodi ya nyumba na ardhi yalishuka kwa zaidi ya nusu, yaani karibu dola bilioni 7 kwa mwaka. Hata hivyo, maafa yaliyotabiriwa hayakutokea siku ile. Bw. Brown, aliyekuwa amelipinga shauri, alitii sauti ya watu akafungua akiba ya jimbo, na zaidi ya dola bilioni 4 zikapelekwa kwa kaunti, miji na shule ili kuziba pengo la mwaka wa kwanza. Palikuwa na maumivu madogo: masomo ya likizo yalifutwa katika shule nyingi, na maktaba zikapunguza saa zake. Lakini mtu wa kawaida aliona kwamba kodi yake imeshuka na shule ya mtoto wake iko wazi. Akasema moyoni, je, hatukuwaambia?

Wazee wetu husema kwamba akiba haiozi. Ni kweli, lakini huliwa. Katika mwaka 1979 watu walipigia kura shauri la Bw. Gann, nambari 4, la kuwekea mpaka matumizi yote ya serikali, na katika kila 100, watu 74 walikubali. Mwaka 1980 Bw. Jarvis akaleta shauri jingine, nambari 9, la kukata kodi ya mapato ya jimbo kwa nusu. Safari hii karibu watu 61 katika kila 100 walikataa. Akiba ilikuwa inapungua, na sasa walianza kuona kwamba kitakachokatwa ni kitu wanachokijua. Gavana mpya alipoingia mwezi wa Januari 1983, hakukuta akiba bali upungufu.

Pakatokea jambo jingine ambalo hakuna aliyelipigia kura. Kwa kuwa fedha za shule na kaunti sasa zilitoka Sacramento, maamuzi juu ya fedha hizo nayo yalihamia Sacramento. Watu waliotaka serikali isiwaingilie walijikuta wamepeleka shule zao kwa serikali ya mbali zaidi. Na majirani wawili wenye nyumba zinazofanana wakawa wanalipa kodi zilizopitana mbali, mmoja kwa bei ya zamani na mwingine kwa bei ya juzi, kwa sababu huyu wa pili amekuja baadaye. Shauri hilo lilifika Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, nayo mwaka 1992 ikaamua kwamba sheria hiyo isimame.

MAJIBU YASIYOJUANA

Kuanzia hapo historia ya jimbo hilo ni ya maswali yanayoulizwa moja moja. Mwaka 1987 mapato yalipita mpaka wa shauri la Bw. Gann, na serikali ikawarudishia walipa kodi kiasi cha dola bilioni 1.1, huku wakuu wa shule wakilia kwamba madarasa yamejaa kupita kiasi. Mwaka uliofuata, 1988, watu walipigia kura shauri la nambari 98, lililoamuru kwamba shule zipewe sehemu maalumu ya mapato ya jimbo, ambayo kwa kawaida ni kama dola 40 katika kila dola 100. Lilipita kwa shida, kwa kura zisizofika 51 katika 100, lakini lilipita. Mpaka wa juu ulikuwa tayari umewekwa kwa kura, na sasa mpaka wa chini nao ukawekwa kwa kura. Baraza la Kutunga Sheria likabaki katikati.

Fikirini pia habari ya magereza. Mwaka 1994 watu 72 katika kila 100 walikubali shauri la nambari 184, kwamba mtu aliyekwisha kuhukumiwa mara mbili kwa makosa mazito, akirudia kosa mara ya tatu, afungwe miaka 25 mpaka maisha. Gharama zake zilielezwa katika kitabu cha wapiga kura, lakini hakuna kodi iliyotajwa ya kuzilipia. Wafungwa wakaongezeka na matumizi ya magereza yakapanda. Kisha, mara baada ya mara, Taasisi ya Sera za Umma ya California ilipowauliza watu juu ya mafungu makubwa manne ya bajeti, yaani shule, vyuo vikuu, afya pamoja na misaada, na magereza, fungu ambalo wengi walitaka likatwe ni magereza. Walipoulizwa fungu gani ndilo linalokula fedha nyingi kuliko yote, wengi walitaja magereza tena, ilhali ni shule. Magereza yalichukua kama dola 10 tu katika kila dola 100 za mfuko mkuu wa jimbo.

Basi watu wale walitaka kulinda fungu kubwa kuliko yote na kukata fungu dogo walilolikuza wao wenyewe, wakitumaini kwamba hilo dogo litatosha. Mwenye nyumba anayefanya hesabu hivyo anaweza kuacha kununua kiberiti mwaka mzima asipate karo ya mtoto mmoja.

MWAKA WA HATI ZA AHADI

Mwaka 2008 uchumi wa dunia ulipotikisika, mapato ya California yalianguka. Sheria ya jimbo wakati huo ilitaka theluthi mbili za wajumbe ili kuongeza kodi, na theluthi mbili tena ili kupitisha bajeti. Kwa hiyo wachache waliweza kuzuia kila kitu, na hakuna upande uliobeba lawama peke yake. Tarehe 19 Mei 2009 Gavana Arnold Schwarzenegger na Baraza waliwaletea watu mashauri sita ili kuziba pengo. Watu wakayakataa matano. La sita, ambalo lilizuia wakubwa wa serikali kuongezewa mishahara wakati wa upungufu, walilikubali kwa wingi. Fedha iliyookolewa na shauri hilo ilikuwa kidogo mno mbele ya pengo lile, lakini ndilo lililoridhisha moyo.

Mwezi wa Julai mwaka huo huo hazina ya jimbo ilikaukiwa. Serikali ya mojawapo ya majimbo tajiri kabisa duniani ilianza kuwapa watu hati za ahadi ya kulipa badala ya fedha. Waliouza bidhaa kwa serikali walipewa hati, na waliokuwa wakidai kurudishiwa kodi walipewa hati. Watumishi wa serikali wakaamriwa kukaa nyumbani siku tatu kila mwezi bila mshahara. Maelfu ya walimu walipoteza kazi. Mwezi wa Novemba wakuu wa Chuo Kikuu cha California wakaamua kupandisha karo kwa 32 kwa mia. Niliposoma habari za hati hizo nilimkumbuka mjane wetu, kwa sababu naye alikwenda nyumbani na ahadi iliyopigwa muhuri.

MASWALI MAWILI SIKU MOJA

Mwaka 2011 Bw. Jerry Brown alirudi kuwa gavana, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini. Huyu ndiye aliyetumia akiba mwaka 1978, na sasa alikuta sanduku tupu. Alifanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha historia hii. Bajeti ya mwaka 2012 iliandikwa kwa sehemu mbili. Kama wananchi wangekubali kuongezewa kodi, shule zingebaki kama zilivyo. Kama wangekataa, karibu dola bilioni 6 zingekatwa, na sehemu kubwa ya hizo ingetoka shuleni. Makato hayo yalikwisha kutungiwa sheria, yakingojea jibu la watu tu.

Shauri hilo, nambari 30, lilitaka nyongeza ya robo senti kwa kila dola katika kodi ya mauzo kwa miaka minne, na nyongeza ya kodi ya mapato kwa watu wenye kipato cha juu, kuanzia dola 250,000 kwa mwaka, kwa miaka saba. Tarehe 6 Novemba 2012, watu 55 katika kila 100 walikubali. Siku hiyo hiyo walikubali kulegeza ile sheria ya kifungo cha mara ya tatu. Hivyo kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi waliongeza mapato na kupunguza sababu moja ya matumizi katika karatasi moja ya kura.

Sitaki kuipamba habari hii kupita ukweli wake. Sehemu kubwa ya kodi ile ilitozwa matajiri, na ni rahisi kukubali kodi ya mtu mwingine. Shauri jingine la siku ile, ambalo lingewatoza karibu watu wote ili kusaidia shule, lilikataliwa. Na mwaka 2020, walipoulizwa kama majengo makubwa ya biashara yatozwe kwa thamani yake ya sasa, watu 52 katika kila 100 walikataa, na sheria ya 1978 ikabaki mahali pake. Lakini nyongeza ya mauzo ilimgusa kila anunuaye shati, nao waliikubali wakijua inakokwenda. Mwaka 2014 wakakubali pia, kwa kura 69 katika 100, kwamba katika miaka ya neema sehemu ya mapato iwekwe akiba kwa lazima. Walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba akiba huliwa.

FUNZO KWETU

Nchi yetu nayo ina kaunti 47 tangu mwaka 2013, na Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Kila mmoja wetu anaweza kuitwa barazani kutoa maoni juu ya barabara, zahanati na kodi. Ni vizuri tujizoeze kwanza katika chama chetu, ambacho daftari lake laweza kubebwa kwapani.

Naona mambo matatu. La kwanza, malalamiko ya mwanachama aliyeomba ada ipunguzwe yalikuwa ya kweli. Wapo wenzetu walioachishwa kazi, na wapo wazee ambao ada imewashinda. Lakini dawa yetu iliwapunguzia wote, mwenye duka na asiye na kazi, kama vile shauri la 1978 lililoletwa kwa kilio cha wazee wenye nyumba likayapunguzia na makampuni kodi ya majengo yao. Ingefaa tuwapunguzie walioshindwa, kwa kamati ya wazee watakaojua hali ya kila mtu, na wenye uwezo waendelee kulipa.

La pili, tusitafute pa kukata mahali ambapo hakuna msemaji, wala tusikimbilie fungu linalotuudhi kwa sababu tu linatuudhi. Najua kwamba baadhi ya wanachama wanataka chai ya mkutano na nauli za wajumbe zikatwe. Zikikatwa sitalalamika, ingawa mimi nami hunywa chai hiyo. Lakini atazameni hesabu katika kurasa zilizotangulia: mazishi na karo ndiyo yanayochukua sehemu kubwa ya fedha zetu, na ndiyo tuliyoyaongeza.

La tatu ndilo kubwa. Watu wa California hawakuwa waongo walipotaka kodi ndogo, wala hawakuwa waongo walipotaka shule nzuri. Tatizo lilikuwa kwamba kwa miaka mingi waliulizwa jambo moja leo na jingine kesho. Nasi tuliulizwa moja kabla ya chai na jingine baada ya chai. Kwa hiyo naomba, kwa ruhusa ya Bwana Mwenyekiti, Mkutano Mkuu ujao ufikirie kanuni hii: shauri lolote la kupunguza mapato litaje kitakachoachwa, na shauri lolote la kuongeza matumizi litaje fedha zitakapotoka, na yote mawili yapigiwe kura kwa mkono mmoja.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari sisi tunalo. Kilichokosekana ni mtu wa kulisoma kwa sauti kabla ya mikono kuinuka, na kazi hiyo ilikuwa yangu. Katika Mkutano ujao nitasoma ukurasa mzima, na nitawaomba wanachama wakae kimya mpaka nimalize.

Mimi, mtumishi wenu mtiifu,

Karani wa Chama